Kutoka Masisi hadi Ntoto na Watoto wa Kambo

Baba wa kambo, yaani mwanamume aliyeoa mwanamke mwenye watoto wa mume mwingine, ana nafasi finyu katika desturi za Wahunde na Wanyanga, jamii mbili zinazopakana pale Masisi inapokutana na Walikale katika mkoa wa Kivu Kaskazini. Mtoto huhesabiwa katika ukoo wa yule aliyemtolea mama yake mahari, hata kama mtu huyo ameshafariki, na huko ndiko anakodai ardhi. Kinachobaki mikononi mwa baba wa kambo ni kile ambacho mahari haikigawi, nacho ni ujuzi wa njia, wa mto na wa msitu. Kwa hiyo safari ya miguu ya kwenda soko la Ntoto, upande wa Walikale, inastahili kusimuliwa kama sehemu ya malezi.

Msafiri wa simulizi hii, aliyeoa mjane, alifuatana na watoto wawili wa marehemu, binti mkubwa na mdogo wake wa kiume, ambao mpaka siku hiyo walikuwa wakimjibu kwa adabu ile anayopewa mgeni. Kutoka Masisi walipita vilima vya malisho, nchi ya ng'ombe na ya jibini inayouzwa Goma, kisha wakateremka kuelekea magharibi, ambako nyasi hukoma na msitu mkubwa wa bonde la Kongo huanza. Vijito vya upande huo huishia katika mto Lowa, unaomwaga maji yake katika Lualaba, ambayo ndiyo Kongo ya juu.

Penye kijito kimoja chembamba binti alisimama, akaweka mzigo chini, akaanza kukiziba kwa mawe, matope na majani mapana, ili maji yageukie pembeni na samaki wabaki katika madimbwi. Kazi hii ya kuziba na kukausha maji kwa kawaida ni ya wanawake na wasichana, na baba wa kambo hakuwahi kuifanya; akapewa beseni na kuelekezwa mahali pa kuchota. Binti alipapasa chini ya jiwe kwa vidole viwili, akamtoa kaa kwa kumshika mgongoni, nyuma ya magando yake, kama mama yake alivyomfundisha. Maelezo mengi kuhusu malezi humchukulia mzazi kuwa ndiye mwenye kutoa na mtoto kuwa mwenye kupokea, lakini katika familia ya kambo mtoto huja na elimu ya nyumba yake ya kwanza, na mlezi anayekubali kufundishwa hupata kibali ambacho amri haiwezi kumpatia.

Zamu ya kijana ilifika mbele zaidi, pale baba alipomwonyesha kichochoro cha wanyama, yaani njia nyembamba ambayo paa wa msituni huirudia, akamwinamishia kijiti cha kuegemeza kitanzi. "Papa, na sokwe akinaswa?" aliuliza mtoto, naye akaelezwa kwamba sokwe na sokwe mtu wanalindwa na sheria, na kwamba mtego hautegwi wanakopita.

Wanyanga wanaufahamu vizuri uzito wa malezi yasiyo ya baba mzazi. Utendi wao wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969, unahusu mtoto aliyekataliwa na baba yake, Shemwindo, akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, kisha akasafiri majini mpaka kwa shangazi yake, Iyangura. Ni jambo la kutia moyo kwamba shujaa mkubwa wa nchi hii alikuwa mtoto aliyehitaji kupokelewa na mtu mwingine.

Ntoto yenyewe ina historia ambayo baba hakuweza kuiepuka walipolikaribia soko. Mnamo Machi 1993 soko hilo lilishambuliwa, wakauawa watu wengi waliokuwa wa jamii za Wanyarwanda, yaani Wakongo wanaozungumza Kinyarwanda, na mapigano yakaenea Masisi na Walikale. Maelfu ya Wahunde, Wanyanga na Wanyarwanda walipoteza maisha, na wengine wengi zaidi wakakimbia. Vita vilivyofuata vimeongeza wajane na mayatima, hivyo vimeongeza pia familia za kambo, huku vikizifunga njia za msituni ambamo familia hizo zingejengeka. Katika kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji wa Goma kabla ya kuvunjwa mwaka 2025, mzazi wa kambo aliishi na watoto chini ya turubai moja, akiwa na mgao wa kugawa na makatazo ya kutoa, bila kijito wala kichochoro cha kuwaonyesha. Hasara hiyo ni kubwa, nayo haistahili kuachwa nje ya hesabu ya vita.

Sokoni Ntoto binti aliwauza kaa aliowafunga katika majani, na fedha akamkabidhi baba amtunzie mpaka watakaporudi kwa mama.