Chumvi ya Mzee

Mwanafunzi mmoja wa uzamili mjini Eldoret alikuwa akitafsiri kwa Kiingereza simulizi ya mzee kuhusu ardhi ya ukoo wake. Mzee alianza hivi: "Mimi nimekula chumvi nyingi." Kijana akaandika kwamba mzee amekiri kutia chumvi. Kwa kosa hilo moja, shahidi akageuka mwongo kabla ya kutoa ushahidi.

Kosa hilo lina asili yake. Kiingereza humtaka msikilizaji aipokee habari ya shaka kwa chembe ya chumvi. Msemo huo aghalabu huhusishwa na Pliny wa Roma, aliyetaja katika Naturalis Historia, mnamo mwaka 77, dawa ya kukinga sumu iliyotiwa chembe hiyo. Hapo chumvi ni kinga ya anayesikia. Katika Kiswahili, kutia chumvi ni hatia ya anayesema. Kula chumvi, kwa upande mwingine, ni kuishi: huliwa kila siku, na aliyeila nyingi ameona mengi.

Kijana aliporudi kumsomea mzee maana ya alichokiandika, mzee aliuliza: "Mjukuu wangu, nimedanganya lini?"

Katika simulizi hiyohiyo mzee aliuita mji Sisibo, yaani nambari ya Kiingereza ilivyotamkwa na wenyeji, kwa kuwa mji ulianzia kwenye shamba nambari 64 kabla ya kuitwa Eldoret mwaka 1912. Neno hilo kijana alikuwa amelitafsiri sawasawa. Sentensi ya kwanza aliiandika upya.