Chai ya Tangawizi Chini ya Ruwenzori

Barabara ya kutoka Beni kwenda Kasindi, mashariki mwa Kongo, humfundisha msafiri subira. Siku hiyo malori yalikuwa yamepangana yakingoja kusindikizwa na wanajeshi, na abiria wakitafuta kivuli. Nilikuwa natoka Butembo, mfukoni nina pakiti ya chai ya kijani. Nilipewa na rafiki yangu, mmoja wa wafanyabiashara wa Butembo wanaokwenda Guangzhou kununua bidhaa, nimpelekee mama yake huko Mutwanga.

Baada ya kuvuka mto Semuliki ndani ya Hifadhi ya Virunga, tuliendelea hadi njia panda, nikapanda pikipiki. Mutwanga umekaa miguuni pa Ruwenzori, milima ambayo kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Mto Butahu hushuka kutoka huko, na tangu 2013 maji yake yanautolea mji umeme.

Mama alikuwa tayari na sufuria juu ya mbabula: maji, majani meusi, tangawizi iliyopondwa, sukari. Tulianza na chai yake, kisha tukajaribu ile ya mwanawe. Niliimwagia maji ya moto bila kitu kingine. Alionja, akanyamaza, akaonja tena.

"Mwanangu, Wachina ndivyo wanavyokunywa? Hata sukari hawatii?"

Nilimweleza niliyoyasikia kwa mwanawe: kwamba kule madereva na wauza duka hubeba chupa yenye majani ndani, wakiongeza maji ya moto kutwa nzima, na kwamba Guangzhou ukimiminiwa chai unagonga meza kwa vidole viwili kushukuru.

"Basi yetu ni ya kienyeji," akasema.

Hapo nilikataa. Mnamo mwaka 760 hivi, Lu Yu aliandika Cha Jing, kitabu mashuhuri cha chai cha China. Humo analalamikia watu waliochemsha chai pamoja na vitunguu, tangawizi, kunazi, maganda ya machungwa na mnanaa. Yeye alitaka chumvi kidogo tu. Lakini malalamiko yake ni ushahidi kwamba wananchi walipenda sufuria yenye viungo. Mtindo wa kuloweka majani makavu ulitawala baadaye sana, hasa baada ya mfalme Hongwu kuamuru mwaka 1391 kwamba chai ya kodi isiletwe tena ikiwa imeshindiliwa kama mikate.

"Kwa hiyo huu ni mti mwingine?" aliuliza, akishika majani ya kijani.

Ni mti uleule. Majani ya kijani hupashwa moto mapema yasigeuke rangi; meusi huachwa yanyauke, yakapondwa, yakabadilika rangi kwa hewa kabla ya kukaushwa. Mama analima kakao, akaelewa upesi. "Kama mbegu zangu. Nisipozivundika kwanza kwenye majani ya ndizi, mnunuzi atazikataa."

Chai hulimwa pia Butuhe, karibu na Butembo, na chai ya Kongo huuzwa kwenye mnada wa Mombasa pamoja na ya Kenya, Uganda na Rwanda. Wakulima wetu wanastahili kuijua historia hii kuanzia jikoni mwao. Anayechemsha tangawizi Mutwanga hana sababu ya kumwomba radhi mtu yeyote: anapika chai kwa namna ambayo watu wa China waliipenda zaidi ya miaka 1,200 iliyopita.