Tulichojifunza Msimbati

Akina mama wengi tunapotaja matembezi ya familia, mawazo hukimbilia Serengeti, Ngorongoro au Unguja. Kisha tunapiga hesabu ya nauli, tunaguna, na watoto wanabaki nyumbani. Sisi wanawake wa kanisa tunaoishi Mtwara tumeona kwamba kazi ya mikono ya Mungu iko mlangoni petu. Kinachohitajika ni nauli ya gari, kiingilio, chakula cha kubeba na Jumamosi moja.

Kiasi cha kilomita 40 kusini-mashariki mwa mji iko rasi ya Msimbati. Eneo hilo limo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 650, na theluthi mbili yake ni bahari. Vijiji vimo humo humo. Watu wanalima, wanavua na kulea watoto.

Tulikwenda na watoto wetu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Mchanga wa Msimbati ni mgumu kiasi kwamba gari hupita juu yake. Katika vidimbwi vilivyobaki, watoto waliona viti vya pweza, kaa na visamaki vya kila rangi. Tuliwavisha viatu kwa ajili ya miba, tukawakataza kukanyaga matumbawe. Matumbawe si mawe bali ni viumbe hai, na katika hifadhi hii zimehesabiwa aina zaidi ya 250. Samaki hujificha na kukulia humo. Mvuvi anayerusha baruti hupata kitoweo cha siku moja, lakini huwa amevunja nyumba iliyojengwa kwa miaka mingi, na mwanawe atakuta maji matupu.

Ng'ambo ya maji kuna visiwa vya Namponda na Mongo, na kwenye mlango wa Ruvuma kuna misitu ya mikoko. Mizizi yake ni kama wodi ya watoto, maana kamba na samaki wachanga hujificha humo hadi wapate nguvu. Mikoko pia hupunguza nguvu ya mawimbi. Sisi tuliokesha tukiomba mwezi Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja na hatimaye kikapiga upande wa Msumbiji, tunajua thamani ya ukuta huo. Huko mtoni wapo pia viboko na mamba, kwa hiyo watoto hatukuwapeleka.

Kati ya Julai na Novemba nyangumi wenye nundu hupita pwani hii. Hutoka bahari ya baridi kali ya kusini ya mbali, wakaja kuzaa na kunyonyesha kwenye maji ya vuguvugu. Mama huyo hubeba mimba karibu mwaka mzima. Kasa naye hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo, hutaga mayai yapatayo mia moja na kuyafukia. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka na kukimbilia majini. Mchanga ukiwa na joto zaidi, wengi huwa majike. Wanaofikia utu uzima ni wachache sana, na jike aliyenusurika hurudi kutaga karibu na pale alipozaliwa.

Mchana tulikaribishwa chakula katika nyumba moja kijijini. Mwenyeji wetu, mama kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni, alifunua sufuria kwa furaha. Ilikuwa nyama ya kasa. Tulitazamana. Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumwaibisha, lakini baadhi yetu ni wauguzi na tusingeweza kunyamaza.

Tulimweleza taratibu kwamba kasa amelindwa na sheria, na kwamba nyama yake mara nyingine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa wala kukaushwa. Haionekani kwa macho wala haina ladha. Anayedhurika hutapika, huharisha, hupata vidonda mdomoni na kooni, na akizidiwa hupoteza fahamu. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haijulikani. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama hiyo. Tena sumu hupita katika maziwa ya mama.

"Lakini dada zangu," alisema, "bibi zetu wameila na wakazeeka. Na mume akileta kitoweo, nani atakirudisha?"

Hakusema uongo. Si kila kasa ana sumu, ndiyo maana wengi huila wakasalimika na kuamini kwamba ni salama. Tulimjibu kwamba hakuna anayeweza kumtambua mwenye sumu kabla ya kuonja. Alimshusha mtoto mgongoni, akamtazama kwa muda, kisha akafunika sufuria. Tukala ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na hakuna aliyebaki na njaa. Kama sufuria ile ilimwagwa baada ya sisi kuondoka, hatujui.

Akina mama wenzetu, neno hili lizungumzwe jikoni na chumbani, maana baba ndiye anayeleta na mama ndiye anayepika. Aliyekwisha kula akaanza kutapika au kusinzia apelekwe hospitali upesi, pamoja na mtoto anayenyonya, na mganga aelezwe wazi kilicholiwa bila kuogopa sheria.

Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba mwanadamu alikabidhiwa bustani aitunze. Wapelekeni watoto waione ingali hai.