Pinang, Kisiwa cha Popoo



Wazee wetu waliotafuna tambuu wangelielewa jina la Pinang kabla ya kufika, kwani maana yake kwa Kimalei ni popoo. Ni kisiwa cha Malaysia, na mji wake mkongwe, George Town, uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, miaka saba baada ya Lamu. Mbele ya maduka yake kuna baraza zilizoezekwa, mtu hupita pasi na kulowa mvua.

Karibu na Msikiti wa Kapitan Keling, ulioasisiwa mwaka 1801 na Waislamu wa Kihindi, huuzwa chakula kiitwacho nasi kandar. Nasi ni wali. Kandar ni mzega, ule mti wa kuchukulia mizigo begani. Waislamu wa Kitamili kutoka kusini mwa India walizunguka nao bandarini, wali upande huu na mchuzi upande wa pili, wakiwauzia wachukuzi. Leo mzega umetoweka, jina limebaki. Mpakuzi huumwagia wali mchuzi wa kuku, wa samaki na wa ng'ombe kwa pamoja, na mwenye kutaka zaidi husema "banjir", yaani mafuriko. Mke wangu, ambaye hapendi michuzi ichanganyike hata katika sahani ya mtoto, alinyamaza kimya mpaka sahani ikaisha.

Lakini lililonishughulisha zaidi ni waliokaa mezani. Baada ya Isha, familia nzima huwa kando ya barabara: bibi, mama na mtandio wake, watoto, na chai ya maziwa inayomiminwa kwa mbali kutoka kikombe hadi kikombe mpaka ikatoa povu. Pazia hakuna. Kwetu, mwanamke akiingia hotelini huingizwa chumba cha nyuma, au hufungiwa chakula akaenda nacho nyumbani. Na siku ya mapumziko ya mume ndiyo siku ya mke kupika pilau ya watu kumi. Baadhi ya wenzangu huiita hiyo stara. Mimi siafiki. Stara imo katika vazi, macho na maneno, wala sikuona mezani pale lililovunjwa katika hayo. Na watu wale ni Mashafii kama sisi. Safinatun-Najaa wanayoihifadhi watoto wetu chuoni, mtungaji wake, Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramaut, alifia Batavia, ambayo leo ni Jakarta, katika ulimwengu huo huo wa Kimalei.

Hadhari ya halali haina budi, kwa kuwa Wachina ni wengi Pinang na nyama ya nguruwe huuzwa waziwazi. Hoteli nyingi hutundika cheti cha halali cha JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu. Muuzaji mmoja wa tambi, Mchina, alipoona kanzu yangu alitikisa kichwa mapema, akatuonyesha kwa kidole meza ya jirani yake Mwislamu. Ama ile rojo yenye harufu kali wanayoitia kila mahali, ni uduvi uliovundikwa, nao katika madhehebu yetu hauna neno.

Upishi wa nyumbani tuliuona kwa mwenyeji wetu. Rendang ni nyama iliyopikwa kwa tui, mchaichai, khulinjani na majani ya manjano, moto mdogo, kwa saa nyingi, mpaka tui likauke na mafuta yapande. Kisha hutiwa nazi iliyokunwa, ikakaangwa bila mafuta na kutwangwa. Ile ya hotelini ilikuwa na mchuzi tele, dalili ya haraka. Bibi huyo huipika kwa Idi, pamoja na wali uliochemshwa ndani ya vifuko vya makuti yaliyosukwa. Wali wa nazi wa asubuhi, wenye harufu ya majani ya jamii ya mkadi wetu, dagaa wa kukaanga, njugu na pilipili, hununua umefungwa katika jani la mgomba.

Mke wangu akamuuliza siku za kawaida nani hupika chakula cha usiku. Akacheka, akatuonyesha meza zilizo ng'ambo ya barabara, ambako mumewe alikuwa amekwisha kuwawekea watoto viti.