Umaridadi wa Siku Mbili

Mjukuu wangu mmoja, mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye sasa anasoma katika mji wa Lund, kusini ya Sweden, alinipigia simu majuzi kunieleza kwamba yeye na wenzake wanapanga kwenda kustarehe Stockholm mwisho wa juma. Baada ya kunitajia hoteli yenye bafu la mvuke, mkahawa ambao meza yake haipatikani ila kwa kuiweka akiba mapema, na makumbusho ya picha ya Fotografiska yaliyo ukingoni mwa maji, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa huruma isiyofichika, "Babu, Stockholm umewahi kuisikia?" Nikamjibu, "Mke wangu, Stockholm mimi nimeitembea kwa suti iliyoshonwa Kimamba, wakati mama yako hajajua hata kutambaa." Akacheka sana, akidhani ni ule utani wetu wa siku zote. Basi kwa kuwa hakunisadiki, na kwa kuwa wale ambao wangenishuhudia aghalabu wamekwisha kutangulia mbele ya haki, nimeona ni heri niyaandike.

Anayepita Kimamba leo hawezi kukisia ilivyokuwa. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kilosa mwaka 1909, na kwa kuwa sisi tuko baina ya miji hiyo miwili, yamkini gari moshi lilipiga honi yake ya kwanza kwetu katikati ya miaka hiyo. Lakini tarehe si muradi wangu. Muradi wangu ni kwamba nilipopata akili mji ulikuwa umezungukwa na mkonge pande zote, mistari iliyonyooka mpaka jicho linachoka kuifuata, na katikati ya mistari hiyo zilisimama korona, zile mashine za mkonge, zikisaga majani usiku na mchana. Harufu ya korona haielezeki kwa mtu asiyeijua: ni uchachu wa maji ya mkonge yaliyolala siku mbili juani, uchachu uliotuingia kwenye mashuka, kwenye ugali na kwenye nywele za mama zetu, hata mtu wa Kimamba akiingia Morogoro aliweza kutambuliwa kabla hajafungua kinywa. Ndiyo maana safari ya kwetu, hata iwe ya siku mbili tu, ilianzia kwenye nguo mpya ambayo haijapata kutundikwa nyumbani.

Nguo hiyo ilipatikana mahali pamoja. Palikuwa na duka la Mhindi mmoja karibu na stesheni, lenye baraza pana la saruji, na juu ya baraza hilo aliketi fundi wetu na cherehani yake ya Singer. Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwomba kitambaa, hakukuuliza una fedha kiasi gani, jambo alilolijua kuliko wewe, maana kipande chako cha mkonge na siku zako za kazi alizihesabu sawasawa na karani wa shamba. Alikuuliza unakwenda wapi. Kisha huteremsha jora, akachomoa uzi mmoja ukingoni, akauwasha kwa kiberiti mbele ya macho yako. Uzi ukinuka nywele iliyoungua na kuacha jivu linalovunjika, ni sufu. Ukiyeyuka na kuganda tone jeusi gumu, ni tetroni, naye hakukuficha. "Hii ya Kilosa," angesema akiiweka tetroni kushoto, "na hii ya Dar es Salaam," akiiweka sufu kulia. Deni liliandikwa katika daftari refu lenye jalada jekundu, kwa hati ya Kigujarati ambayo hakuna miongoni mwetu aliyeweza kuisoma, wala sikumbuki mtu aliyewahi kulikanusha.

Fundi naye alikuwa mtu wa maneno mengi. Alipima kwa taratibu, akiandika kwa penseli ya buluu juu ya karatasi ya sukari, na katika kupima huko ndimo safari nzima ilimopangwa. Utapanda daraja gani? Maana suruali ya daraja la tatu huachiwa nafasi magotini, mtu huenda ameketi juu ya mzigo wake usiku kucha. Utafikia kwa nani? Maana ukifikia kwa mjomba huwezi kuingia na suti kabla ya kanzu, utaonekana umejivuna. Utarudi na gari la lini? Na dansi ni la ndani au la uwanjani? Mteja aliyekuja hajui atalala wapi aliondoka na anwani ya nduguye fundi huko Morogoro, na salamu za kumpelekea, na chupa ya samli juu yake. Kujaribu nguo kulikuwa mara tatu, na kila mara palikuwapo watu barazani wa kutoa rai zao, wengine wakishika pindo kwa mikono yenye utomvu wa mkonge hata fundi akawafukuza kwa futi yake ya mbao. Kwa hiyo Jumamosi ya safari ilipofika, mji mzima ulikwisha kuijua njia yako, na stesheni masta alikukatia tikiti bila kukuuliza waenda wapi.

Kijana asomaye haya atasema kwamba hapo faragha haikuwapo. Kweli haikuwapo, walakini haikuwapo pia ile taabu ninayoiona siku hizi, ya mtu kuketi peke yake mpaka usiku wa manane akilinganisha vyumba mia mbili vya hoteli ambavyo hajaviona, akisoma maoni ya watu ambao hajui hata dini zao.

Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika. Waswidi hatukuwajua kwa habari tu: waliijenga Kibaha pamoja na wenzao wa nchi za kaskazini tangu 1963, na baadaye fedha zao na wahandisi wao wakawa jirani zetu huko Kidatu, mwisho wa ile reli ya tawi itokayo Kilosa kupitia Mikumi, walikokuwa wakijenga mtambo wa umeme uliowashwa mwaka 1975. Ikatokea nafasi ya masomo katika chuo cha ushirika cha Vår Gård, mahali paitwapo Saltsjöbaden, nje kidogo ya Stockholm, nami nikachaguliwa. Pasipoti yangu ya zamani ina muhuri uliofifia, usomekao 1973 kwa mwenye haraka na 1974 kwa mwenye miwani. Na uwe mwaka wowote kati ya hiyo miwili.

Habari hiyo ilipofika barazani, fundi alishikwa na fadhaa ambayo sikupata kumwona nayo. Hakuwa amewahi kushona kwa ajili ya theluji. Mwenye duka ndiye aliyetoa rai kwamba bitana iwe mbili, ya ndani hariri na ya katikati flaneli ya kushonea nguo za watoto wachanga, na baada ya majadiliano ya juma zima, ambamo hata mwalimu wa madrasa na bwana afya walishirikishwa, ikatoka suti ya sufu ya kijivu, nzito kama mlango, yenye mifuko ya siri miwili kwa ajili ya posho ya serikali.

Saltsjöbaden ilinipendeza kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: ilikuwa na reli yake ndogo, ya tangu 1893, iliyotutoa chuoni na kututua Slussen, katikati ya Stockholm. Nikaona hapa nipo nyumbani, mtu wa mwisho wa reli anayeingia mjini Jumamosi. Tofauti ilikuwa katika kupanga. Mwalimu wetu mmoja, mwanamama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alitualika wanafunzi watatu kumtembelea mjini, lakini hakutuambia Jumamosi ijayo wala tarehe fulani. Alifungua kitabu kidogo akasema "juma la 41". Wenyeji wa kule huyataja majuma ya mwaka kwa namba zake, na wote huelewana. Sisi Kimamba tulihesabu kwa kipande na kwa mshahara, nao kwa namba ya juma. Lakini ile furaha ya kungoja siku iliyokwisha kuandikwa niliitambua mara moja.

Siku hiyo alivaa vazi la fahari, nasi tukavaa yetu. Alitupeleka kwanza kuona merikebu ya Vasa, ambayo mfalme wao aliitengeneza kwa adhama kuu, ikang'oa nanga tarehe 10 Agosti 1628, na kabla haijasafiri hata maili moja ikazama mbele ya watu wake kwa wembamba wa kiuno na wingi wa mizinga. Iliopolewa mwaka 1961, na sisi tulipoiona ilikuwa bado ndani ya kibanda chake cha muda, ikinyunyiziwa dawa mchana na usiku ili mbao zisipasuke, kazi iliyochukua miaka kumi na saba. Hivyo tuliitazama katika ukungu, ikijitokeza na kutoweka. Leo ina jumba lake kubwa tangu 1990, na mjukuu wangu ataiona kavu, waziwazi, katika mwanga mzuri. Namhurumia.

Kisha tukapanda lifti ya Katarinahissen, ile iliyosimama tangu 1936 mahali pa nyingine ya 1883, ikapandisha watu kutoka Slussen hadi kwenye kilima cha Södermalm. Daraja la juu la lifti lilifika mpaka kwenye afisi kuu za ushirika wao, jambo lililotufanya sisi makarani wa ushirika kutembea kwa maringo, na chini ya daraja hilo, likining'inia hewani, ndipo palipokuwa na mkahawa wa Gondolen. Mwalimu aliweka meza akiba tangu juma la 38. Chini yetu yalikuwa maji mawili, ziwa la Mälaren likimiminikia baharini, na visiwa, maana mji ule umejengwa juu ya visiwa 14, na taa zikiwaka saa kumi na mbili jioni. Mtumishi alipokuja kuchukua koti langu alilibeba kwa mikono miwili. Mwalimu akaligusa pindo, akaligeuza, akaitazama bitana, akauliza ni fundi gani wa London aliyeshona. Sijui kama nimewahi kujibu swali lolote kwa raha kama hiyo.

Lakini kilichonishika zaidi hakikuwa Gondolen. Asubuhi yake, Jumapili, tuliingia katika duka dogo la mikate huko Gamla Stan, mji wao wa kale, na mlango ulipofunguka tu nikapigwa na harufu ya iliki. Waswidi hutia iliki katika maandazi yao, wakayapaka mdalasini na sukari, wakayala kwa kahawa bila haraka. Miaka mingapi nilikuwa nimeinusa iliki ile ile nyuma ya kaunta ya duka letu, katika pipa la bati karibu na majora ya kitambaa, ikipigana na uchachu wa korona bila kushinda! Hapa ilikuwa peke yake. Niliagiza andazi la pili, na la tatu, hata mwenzangu kutoka Moshi akaanza kunihesabia posho.

Yaliyofuata hayana haja ya kusimuliwa kirefu. Yaliyoupata mkonge msomaji anayajua, na yaliyovipata vyama vya ushirika mwaka 1976 anayajua pia. Mwenye duka alikuwa amekwisha kuhama niliporudi. Daftari jekundu alilikabidhi kwa fundi, ambaye hakuweza kulisoma. Fundi akashona bugaluu, kisha suti za Kaunda, kisha sare za shule, kisha akawa anapunguza mitumba kiunoni, akafariki. Korona zikanyamaza moja baada ya moja. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yakaing'oa reli baina ya Kilosa na Gulwe, na mtu akikaa stesheni kwetu alisikia ndege wa porini. Baraza lile lilivunjwa ili pawekwe vyumba vya kukodisha, vidogo, vyenye milango ya chuma, na kijana aliyevunja alipoambiwa hapo paliwahi kukatwa suti za sufu aliuliza za nini, na joto hili?

Wala Stockholm haikusalimika. Mjukuu wangu amenitumia picha ya Slussen: wameivunja yote tangu 2016, zile barabara zilizopindana zimetoweka, na mahali pake pamewekwa daraja la rangi ya dhahabu lililoletwa kwa meli kutoka Uchina mwaka 2020. Gari la Saltsjöbaden likakatishwa miaka mingi Henriksdal, abiria wakapandishwa basi. Nilichukizwa mno, kana kwamba nilikuwa mlipa kodi wa pale. Lakini lifti ipo, na Gondolen imefunguliwa tena, na kumbe mkahawa ule ambao meza yake haipatikani ila mapema ndio huo huo! Hapo tu ndipo aliposadiki kwamba nilifika.

Tangu siku ile heshima yangu imepanda, naye ameazimia kwamba akija likizo Desemba atanipangia mimi matembezi ya siku mbili. Amekwisha kuniletea orodha kwa simu: bodaboda kutoka Kimamba mpaka Kilosa, kisha lile treni jipya la umeme lililoanza mwaka 2024, ambalo litanifikisha Dar es Salaam kabla sijamaliza kusoma gazeti. Tikiti atanikatia yeye huko huko Lund, jambo ambalo bado naliona kuwa ni utovu wa adabu kwa stesheni masta, ingawa nimekubali. Kilichobaki ni hoteli. Yeye anataka iliyo ufukweni, yenye bwawa la kuogelea ambalo mimi sitaliingia; mimi nataka Kariakoo, karibu na maduka ya vitambaa, nikiwa na kiberiti changu mfukoni. Mpaka leo asubuhi hakuna aliyemshinda mwenziwe.