Shujaa Kwenye Foleni ya Maji: Harvey Kurtzman na Deni la Mwigo

Sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumeijadili tashtiti kwa miaka mingi, lakini mwigo wa kejeli, yaani kazi inayoiga kazi nyingine ili kuicheka, tumeulea kama mtoto wa kambo. Mimi mwenyewe nimo miongoni mwa waliomnyima mtoto huyo chakula. Mwaka 2011, nikiwa mhadhiri mchanga, niliagiza insha kuhusu usawiri wa shujaa katika tendi. Mwanafunzi mmoja akaniletea kurasa sita za vibonzo. Humo Fumo Liyongo alikuwa bawabu katika mtaa mmoja wa Nairobi. Katika picha ya mwisho amepiga goti kando ya bomba la maji, upinde mkononi, na watu wenye mitungi wanamwuliza kama foleni inaanzia kwake. Nilimpa alama 38 kwa mia, nikaandika pembeni kwamba dhihaka si uhakiki.

Aliyenifanya niirejelee hukumu hiyo ni Mmarekani aliyefariki mwaka 1993, ambaye nilianza kumsoma nilipokuwa nikitayarisha kozi ya sanaa za umma. Harvey Kurtzman alizaliwa mwaka 1924 jijini New York. Alianza kazi ya vibonzo mwaka 1942 akiwa kijana mdogo, akichora, miongoni mwa mambo mengine, mashujaa wa kuvaa joho ambao leo hawakumbukwi. Kwa hivyo hakuwacheka mashujaa kutoka nje ya boma lao, kwani aliwahi kuwa kibarua wao. Mwaka 1952 alianzisha jarida la Mad chini ya mchapishaji William Gaines. Yeye ndiye aliyetunga hadithi na kupanga kila ukurasa, kisha wachoraji kama Wally Wood na Will Elder wakaikamilisha michoro.

Kazi iliyomjengea jina ni “Superduperman”, iliyotoka katika toleo la nne mwaka 1953, kwa mkono wa Wood. Clark Bent ni mfanyakazi duni wa gazeti, anayempenda Lois Pain, naye Lois hana habari naye. Anapovaa joho la ushujaa anapata nguvu zote, ila haiba haipati. Adui yake, Captain Marbles, ni shujaa aliyeacha kutenda mema ili atafute fedha. Superduperman hamshindi kwa nguvu, bali kwa hila ya kumfanya ajipige mwenyewe. Kisha anajifunua kwa Lois, akidhani sasa atapendwa. Lois anamkataa vilevile.

Msomaji asidhani kwamba huu ni mzaha mtupu. Wamiliki wa Superman walikuwa wamewashtaki wachapishaji wa Captain Marvel tangu mwaka 1941, wakidai kwamba shujaa huyo ni nakala ya shujaa wao. Kesi hiyo ilimalizika kwa maafikiano mwaka 1953, na Captain Marvel akatoweka katika maduka. Basi vita vya mashujaa wawili katika kurasa za Kurtzman ni vita vya mahakamani vilivyovikwa joho. Mwigo hapa unatenda kazi ya uhakiki hasa: unaichukua fani kama ilivyo na kuuliza inamtumikia nani. Mwingereza Alan Moore, ambaye Watchmen yake ilianza kutoka mwaka 1986, amekiri kwamba hadithi hii ilimfunza namna ya kumtazama shujaa upya.

Wamiliki wa Superman walitishia kushtaki. Kurtzman hakukoma; alitoa “Batboy and Rubin”, na ndani ya picha akatundika matangazo ya kumkumbusha msomaji kwamba anachokisoma ni dhihaka. Tahadhari ya kisheria ikageuzwa kichekesho.

Hata hivyo, sheria haikumwacha. Mwaka 1956 alidai mamlaka juu ya jarida alilolianzisha, Gaines akakataa, naye akaondoka. Miaka ya 1970 Mad ilifikia mauzo ya zaidi ya nakala milioni mbili kwa toleo, mwanzilishi wake akiwa hana hisa. Majarida yake yaliyofuata hayakudumu: Trump ilitoka mara mbili tu mwaka 1957, Humbug ikafa mwaka 1958, na Help! ikafika 1965. Katika Help! alimrudia Superman mwaka 1962, safari hii akiwa mtawa aliyekata tamaa na wanadamu. Mwaka huohuo hadithi yake nyingine, iliyowaiga vijana wa vibonzo vya Archie, ilizua mashtaka, na hatimaye haki ya kunakili hadithi hiyo ikakabidhiwa walioigwa. Aliyewacheka wenye mali hakubaki na mali ya kicheko chake.

Linalonigusa zaidi katika wasifu huu ni kwamba tangu mwaka 1973 Kurtzman alifundisha katika chuo cha School of Visual Arts, New York. Darasani mwake kijana aliyeleta kurasa sita za mzaha hakuwa amekosea njia.

Nimeirudia ile picha ya bomba la maji mara nyingi. Katika masimulizi, Liyongo anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, anapiga goti kisimani akiwa ameshika upinde na kukata roho, na watu hawathubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Wahakiki tumezoea kuuona hapo utukufu wa shujaa. Mwanafunzi wangu aliwaona wenye kiu. Aliuliza shujaa ana faida gani kwa mtu aliyeshika mtungi mtupu, na akauliza bila kutumia hata sentensi moja ya nadharia. Swali hilo lilikuwa jibu kamili la insha niliyoagiza.

Muhula uliofuata alihamia idara nyingine. Alama 38 bado imo katika kumbukumbu za chuo, na hakuna kanuni inayoniruhusu kuifuta leo. Ninachoweza ni kuyaandika haya, ili mhadhiri mwingine atakapoletewa kicheko mahali alipotarajia insha, akisome kwanza kabla ya kushika kalamu nyekundu.