Joka Lisilopandika Tena

Wapenda mashairi aghalabu hawana subira na michezo ya video. Mtu mzima akitajiwa michezo hiyo hukumbuka kibanda chenye kelele, watoto wamebanana mbele ya runinga, wanagombania zamu ya kucheza kandanda la Ulaya kwa vidole. Picha hiyo si ya uongo. Vibanda vya namna hiyo vinajulikana Unguja na Mombasa, na mpira ndio unaotawala humo. Lakini kuuhukumu ufundi mzima kwa kibanda kimoja ni sawa na kuihukumu taarabu kwa kipaza sauti kibovu cha harusi ya jirani. Ipo michezo iliyotungwa kwa uangalifu uleule ambao mshairi huutia katika mizani na vina, na baadhi yake imesahauliwa kabla haijapata wa kuisifu. Mmoja wao ni Panzer Dragoon Saga.

Mchezo huo ulitoka Japani mwezi wa Januari 1998, kisha Marekani na Ulaya miezi michache baadaye. Uliundwa na kikundi kilichoitwa Team Andromeda ndani ya kampuni ya Sega, chini ya uongozi wa Yukio Futatsugi, nao ulijaza sidii nne. Mashine yake ilikuwa Sega Saturn, na hapo ndipo mkosi ulipoanzia. Saturn ilikuwa imekwisha kushindwa sokoni na PlayStation ya Sony, na Sega wenyewe walikuwa mbioni kutayarisha mashine nyingine, Dreamcast, iliyotoka Japani mwezi wa Novemba mwaka uleule. Nakala chache zilitolewa kwa nchi za Magharibi, zikanunuliwa, zikaisha. Ni mfano wa jahazi lililotiwa shehena bora siku ile ile bandari inapofungwa. Kazi yenyewe ilikuwa nzito, na wenzao wawili katika kikundi walifariki dunia kabla haijakamilika. Ilipokwisha, kikundi kikavunjwa.

Kisa chake kinaanzia machimboni. Kijana anayeitwa Edge ni askari wa kukodiwa, analinda magofu ya watu wa kale ambao ustadi wao umeupita ule wa walio hai. Ndani ya ukuta wa magofu hayo anamwona msichana amenasa kwenye jiwe, kana kwamba amelala. Mara wanashuka waasi wakiongozwa na Craymen, wanawaua wenzake wote, wanamchukua msichana, na Edge anapigwa risasi na kutumbukia shimoni. Anapozinduka anakutana na joka lenye mabawa. Kuanzia hapo ni safari ya kulipa kisasi, na kisasi chenyewe kadiri kinavyokaribia ndivyo kinavyopungua maana, kwa kuwa Craymen naye anageuka kuwa mtu mwenye hoja.

Ulimwengu wa safari hiyo hauna kasri la mfalme. Ni jangwa, maziwa ya maji yaliyotulia, minara iliyojengwa na waliotoweka, na watu wachache wanaoishi kwa kuokota walichoacha wenyewe. Waandishi wa mchezo waliuzulia lugha yake, iliyochanganywa Kiyunani cha kale, Kilatini na Kirusi, na humo mna wimbo unaoimbwa kwa lugha hiyo isiyo ya mtu yeyote. Msikilizaji haelewi neno, lakini anajua kwamba anaombolezewa mtu. Wasomaji waliopata kusikiliza nyimbo za kale ambazo nusu ya maneno yake yamekwisha kupotea maana watalitambua jambo hilo bila ya kuelezwa.

Hata mapigano ya mchezo huu yana tabia ya fikra kuliko ya vurugu. Adui hukaa katikati, na joka humzunguka. Pande zake ni nne; upande mmoja huwa salama, mwingine hatari, mwingine ndiko uliko udhaifu wake. Muda unavyopita ndivyo nguvu za mchezaji zinavyojaa, naye huamua azitumie sasa kidogo kidogo au angoje zijae zote, huku adui naye akijitayarisha. Anayecheza bao ataiona shabaha yake upesi: kusogea si lazima kuwe kushambulia, na kusubiri nako ni mchezo. Zaidi ya hayo, mchezaji huweza kulibadilisha umbo joka lake, liwe jepesi au zito, la kushambulia au la kujikinga, na kiwiliwili hubadilika mbele ya macho yake kama udongo mkononi mwa mfinyanzi. Wengi waliwahi kuchora joka. Ni wachache waliompa mtu nafasi ya kulilea.

Msichana wa ukutani anaitwa Azel. Hakuzaliwa; aliundwa na watu wa kale awe chombo chao, na kwanza anamtumikia Craymen bila ya kuuliza. Katika magofu ya Uru, yeye na Edge wananasa chini ya ardhi na hawana njia ya kutoka ila kulipanda joka pamoja. Hakuna mapenzi yanayotangazwa hapo. Kuna maswali mafupi, majibu mafupi zaidi, na kimya kati yao. Michezo mingi ya miaka ile ilikuwa na maneno mengi mno. Final Fantasy VII, iliyotoka 1997 na kununuliwa kwa mamilioni, ilihitaji saa nyingi kusema yake. Huu unaweza kumalizwa kwa saa kama 15, na hauna sehemu iliyowekwa kwa kujaza nafasi.

Kusimulia mwisho wa kisa kwa kawaida ni utovu wa adabu. Hapa hapana budi, maana wengi wa wanaosoma hawatapata njia ya kuuona. Edge anapofika katika kiini cha kazi za watu wa kale, joka linadhihirisha kwamba yupo msafiri mwingine: mgeni kutoka ulimwengu mwingine, aliyekuwa akimwongoza kijana huyo. Mgeni huyo ni aliyekaa mbele ya runinga. Anaombwa abonyeze kitufe, awakate wanadamu wa ulimwengu ule kutoka kwenye mamlaka ya watu wa kale, na kwa kitendo hicho akate pia uzi unaomfunga yeye nao. Mchezaji anaombwa aondoke. Ushairi unajua kumgeukia msomaji na kumsemesha. Ni nadra kumtaka auage mkono ulioandika na usirudi tena.

Nao haukurudi. Kwa maelezo ambayo yametolewa mara nyingi, msimbo asilia wa mchezo huu, yaani maandishi ya programu yaliyouumba, umepotea. Saturn nayo iliundwa kwa namna ya kutatanisha, ikiwa na vichwa viwili vya kufanya hesabu kwa pamoja, hivyo kuuhamishia mchezo kwenye mashine nyingine kungetaka takriban kuujenga upya. Mchezo wa kwanza katika mfululizo huo ulitengenezwa upya 2020. Saga haijawahi kutolewa tena. Nakala zilizosalia huuzwa kwa mamia ya dola.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti yake na shairi. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840, na beti zake zilikusanywa miongo kadhaa baadaye na Mwalimu Sikujua akishirikiana na W. E. Taylor, kwa sababu walikuwapo watu waliozikumbuka. Shairi hukaa kifuani. Mwenye nyumba akiungua na karatasi zake, jirani yake anaweza kusalia na ubeti. Lakini hakuna binadamu anayeweza kuhifadhi mchezo wa video kichwani. Aliyeucheza atabaki na kisa, wimbo na majina. Kule kuzunguka, kungoja, kulisikia joka likiinama chini ya kidole chake, hawezi kumpa mtu. Anayesifu mchezo usiopatikana anasimulia habari za shairi mbele ya watu ambao hawatalisikia.

Upo uliookolewa. Mwaka huohuo 1998 Tim Schafer na wenzake wa LucasArts walitoa Grim Fandango, kisa cha Manny Calavera, wakala anayewauzia marehemu safari za kuvuka nchi ya wafu. Mwema hupewa tiketi ya treni inayofika kwa dakika nne. Asiye na stahili hutembea kwa miguu miaka minne. Humo mna mji wa bandari, Rubacava, na ndani ya mji mna mkahawa ambamo mifupa mitupu inasomeana mashairi, naye Manny huweza kupanda jukwaani atunge la kwake. Haukuuzwa kama ilivyotarajiwa. Ulipotengenezwa upya na kutolewa 2015, ilibidi faili za zamani zitafutwe kwenye kanda za kuhifadhia data, na wale walioufanya wasaidie kukumbuka kipi kilikuwa wapi. Bahati yake ni kwamba kanda zilikuwapo, na watu hao walikuwa hai na walijali.

Mingine haina bahati hiyo. Utafiti uliotolewa 2023 na taasisi ya Video Game History Foundation ulionesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haipo tena sokoni. Maktaba ziliomba ruhusa ya kuwawezesha watafiti kuifikia michezo hiyo wakiwa mbali, na mwezi wa Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikakataa. Kwa hivyo wanaoitunza Panzer Dragoon Saga leo ni watu wanaonakili sidii na kuzichezesha katika programu za kuigiza Saturn, na aghalabu sheria huwaita wezi. Hoja ya wenye mali si ya kupuuzwa, lakini ni vigumu kuona kimeibwa nini kwa muuzaji ambaye dukani mwake bidhaa hiyo haimo.

Waliobahatika kuwa na mashine yenyewe nao wana tatizo lao. Saturn huhifadhi safari za mchezaji kwa nguvu ya betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu. Betri ikiisha, kumbukumbu yote iliyo ndani ya mashine hufutika, na Edge hurudi kulinda machimbo kama mtu ambaye hajawahi kulipanda joka.